Mafundi, pimeni presha ya mafuta kabla ya kutubadilishia pampu!

Wakuu, ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa utaratibu ili kila mwenye gari la zamani na kila fundi atakayesoma anielewe. Gari ni Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Kila asubuhi starta ilikuwa ikiizungusha injini kwa nguvu zote, betri ikiwa nzima, lakini gari haliwaki mpaka upige starta kwa muda mrefu. Likishawaka, linatembea vizuri kutwa nzima, na ukilizima kwa dakika chache na kulirudia, linawaka mara moja. Hayo ndiyo maelezo niliyompa fundi. Hakufungua hata plagi moja kuangalia kama imelowa petroli au ni kavu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Pampu imekwisha hiyo, bosi."

Pampu iliyokwisha humwumbua dereva mlimani, pale injini inapodai mafuta mengi. Gari langu lilikuwa limetoka kupanda Kitonga na abiria na mizigo bila kusitasita, nami nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa. Mafuta gani hayo yanayoharibika alfajiri tu, kisha mchana yakawa mazima katika tangi lile lile? Akahamia kunilaumu kwamba ninaendesha tangi likiwa karibu tupu. Ni kweli kwamba pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, na tabia hiyo huifupishia maisha, lakini lawama haisomeki kwenye geji ya presha.

Siti ya nyuma ikang'olewa, pampu iliyokuja na gari ikatolewa, ikafungwa nyingine iliyotumika. Asubuhi iliyofuata tatizo lilikuwa pale pale. Zikafuata nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta kwenye injini, kuoshwa, zikafuata plagi na filta, kila hatua nikilipia, mpaka siku aliyoanza kutaja kubadilisha kompyuta ya gari. Kila nilipouliza sababu, jibu lilikuwa "tujaribu hiki kwanza". Mnajaribu kwa fedha za nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kipimo kipo na si kigumu. Kwenye Toyota nyingi za umri huu, kufungua swichi peke yake hakuiamshi pampu. Huanza kusukuma pale starta inapozunguka. Ndiyo maana chini ya boneti kuna kiboksi cha uchunguzi chenye matundu ya +B na FP, ambayo ukiyaunganisha kwa waya huku swichi ikiwa imefunguliwa, pampu huzunguka bila injini kuwaka na unaisikia kwa masikio yako. Ukifunga geji kwenye njia ya mafuta na kuchomoa kibomba cha vakyumu cha regulata (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta), presha inapaswa kuwa kati ya psi (kizio cha presha) 38 na 44, na dakika 5 baada ya kuzima injini isiwe chini ya psi 21. Ikiporomoka baada ya kuzima, asubuhi starta italazimika kuzunguka mpaka njia ijae upya, na washukiwa ni watatu: valvu ya ndani ya pampu inayozuia mafuta kurudi, regulata ya presha, au nozeli inayovuja. Bana bomba la mpira linalorudisha mafuta tangini; presha ikisimama, mwenye kosa ni regulata. Hata sensa ya joto la maji, ambayo ikidanganya huifanya kompyuta itoe mafuta kidogo wakati wa baridi, hupimwa kwa mita ya kawaida: kwenye nyuzi 20 isome kati ya ohm 2,000 na 3,000 hivi.

Fundi wa pili alifanya hayo kabla ya kugusa spana nyingine yoyote. Injini ikiwa inawaka, presha ilikuwa sawa. Alipoizima, sindano ikaanguka. Alipobana bomba la kurudisha, ikatulia. Regulata ilikuwa haifungi tena. Ni kifaa kidogo kilichoshikwa na bolti mbili kwenye reli ya nozeli, na kilipobadilishwa gari likaanza kuwaka asubuhi bila taabu.

Kwa hiyo pampu yangu ilikuwa nzima. Sasa ninatembea na pampu iliyotumika inayolia nyuma ya mgongo wangu, na fundi wa kwanza, nilipomfuata, alisema ile ya zamani aliitupa. Kifaa cha mteja kinatupwaje bila mteja kuulizwa? Ninataka pampu yangu au thamani yake. Yeyote aliyewahi kudai kifaa chake kutoka gereji na kukipata aeleze hapa alianzia wapi, na kama risiti isiyotaja kifaa kilichotolewa inatosha kufungulia madai. Nanyi mafundi mnaosoma, nijibuni bila kuzunguka: mnakuwaje na gereji isiyo na geji ya presha ya mafuta?