Makocha wa hotuba na mafundi spika, mnawamaliza wagombea wanawake

Wakuu, hii inakera. Kila kampeni mwanamke akipanda jukwaani Mwembeyanga au Zakhem (viwanja vya mikutano Dar), dakika tano hazijaisha watu washasema "huyu mama ana makelele". Hana makelele! Fundi karekebisha mitambo kwa sauti ya MC mwanaume, kaiacha hivyohivyo. Sauti ya mwanaume inacheza kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 120 hivi, ya mwanamke karibu 200, na zile spika za honi besi hazina. Zinachomoza Hz 2,000 hadi 4,000, palepale sikio linapoumia. Dawa ni dakika mbili: punguza hapo desibeli 3 au 4, maiki ikae vidole vinne toka mdomoni (ikiwa mbali fundi anapandisha geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki, spika zinapiga mluzi), na apimiwe YEYE, siyo MC.

Halafu hawa makocha wa semina za hotelini. Eti "ondoa hayo 'si ndiyo jamani?', yanaonyesha hujiamini". Hoja hiyo ni ya mwanaisimu Robin Lakoff, 1975, na alikuwa anazungumzia wanawake wa Marekani na Kiingereza chao. Hata huko wanaisimu wenzake walishaipinga. Mkutano wa hadhara wa Kiswahili usioitikiwa ni kama tangazo la msiba! Wanaume ndio mabingwa wa "nasema uongo, ndugu zangu?", na hakuna anayewaambia hawajiamini. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma hapahapa Dar kabla ya kuingia TANU miaka ya 1950. Umati alishazoea kuuitikisha. Leo mngemfutia mwitikio huo.

"Shusha sauti kama Thatcher" nayo ni balaa. Yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza alikuwa na mwalimu wa sauti. Nyie mnampa mtu wiki moja, anabana koo, mkutano wa tatu sauti imekauka. Apunguze kasi, avute pumzi ya tumbo, mwisho wa sentensi sauti ishuke. Basi.

Na "mimi kama mama" kila aya? Mara moja inatosha, kisha aje na bei ya maji na jina la mtaa. Julia Gillard, waziri mkuu wa Australia wakati huo, bungeni kwao, Oktoba 9, 2012, hakujificha nyuma ya umama: alimsomea mpinzani wake kauli zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, katika hotuba ya kama dakika 15.

Mnaolipwa kwa kazi hii najua mpo humu. Jibuni.