Siki, beking soda au limao na chumvi: kipi kinafaa kwa choo?

Kipepeo88: Wadau habari za muda huu. Nataka kuachana na dawa kali za choo maana zinanikaba kifua, sasa niko njia panda kati ya siki, beking soda na limao na chumvi. Kesho naenda kununua, nichukue kipi? Choo kina madoa na kinanuka.

FundiBomba: Mkuu hujasema kitu bado. Cha kukaa au cha kuchuchumaa? Madoa rangi gani? Maji ya kisima? Harufu inatoka kwenye bakuli au sakafuni? Bila hayo tutabahatisha tu.

MamaUsafi: Mimi kwa siki hamnitoi. Ule ukoko unaoganda pale maji yanapoishia ni chokaa ya maji magumu na chokaa dawa yake ni asidi. Usiku yasukume maji kwa brashi yapungue, mimina siki, iache ilale humo. Chini ya ukingo bandika tishu zilizolowa siki, asubuhi zitoe usitupie chooni, ukisugua unaona ukoko unabanduka vipande vipande.

Zuberi_K: Limao na chumvi bwana, choo kinang'aa na kinanukia. Au changanya siki na beking soda, lile povu linakomba kila kitu.

Mnyunyizo: Povu ni hewa ya kaboni dioksaidi tu Zuberi. Siki asidi, beking soda inapinga asidi, vikikutana vinamalizana nguvu. Beking soda sugulia na kukatia harufu, ukishasuuza ndio ulete siki.

Zuberi_K: Mbona kwangu uchafu unatoka?

Mnyunyizo: Ni brashi hiyo mkuu.

NeemaTele: Naomba hili lisomwe na kila mtu. Shemeji yangu alimwaga dawa ya klorini ile ya kung'arisha nguo nyeupe, akaona doa halitoki akaongeza siki juu yake, dirisha limefungwa na mlango kaurudishia, tukasikia anakohoa mfululizo tukadhani kapaliwa, kufungua mlango harufu ikatupiga mpaka machozi, tukamvuta nje, kifua kilimbana hadi jioni na ikabidi apelekwe hospitali. Ile ni gesi ya klorini. Siki, limao, asidi yoyote ile, visikutane na klorini kamwe, hata kama uliimwaga mapema na hujaflashi vizuri!!

MamaUsafi: Pole sana jamani. Na klorini nyingi inaua bakteria wanaofanya kazi kwenye shimo la septiki.

Zuberi_K: Klorini kidogo haina shida kwa septiki mbona, wengi wanatumia.

Kipepeo88: Samahani kwa kuchelewa. Cha kukaa, maji ya kisima, madoa ya kahawia. Kinachonuka ni cha chumba cha wageni, hakitumiki sana.

FundiBomba: Sasa tunaongea. Choo kisipotumika maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya bakuli yanakauka na harufu ya bomba inapanda, mwaga maji ndoo nzima kwanza kabla ya kununua chochote. Kahawia huenda ni kutu ya chuma kwenye maji, klorini huwa inazidi kuigandisha, limao au siki ndio jaribu.

MamaUsafi: Siki!

Zuberi_K: Limao amesema kwanza. Fundi, tangi langu linavuja kidogo kidogo kwenda bakulini, nikiweka siki humo itasaidia?

FundiBomba: Usiweke, siki ikikaa inachosha raba. Tangi lako ni la kubonyeza au la kuvuta?