Historia ya babu zetu Rabai naipata wapi?

Mjukuu: Wadau wa Kilifi habari zenu, namtafuta babu yake bibi, tunaambiwa aliachwa huru kutoka utumwani akaletwa misheni Rabai. Nina cheti cha ubatizo tu, kimekunjwa mara nne hadi wino umefutika kwenye mikunjo, jina la baba halisomeki. Nianzie wapi jamani?

Mzee wa Pwani: Anzia kanisani hapohapo, misheni ni ya tangu 1846 enzi za wamishenari Krapf na Rebmann, omba kwa adabu uone daftari za ubatizo na ndoa. Wengi walipewa majina mapya walipobatizwa kwa hiyo usishangae ukikosa la ukoo. Na hicho cheti kipige picha leo, usikilamineti, joto litakimaliza!

Dada Mtafiti: Ripoti za kila mwaka za madisii, yaani wakuu wa wilaya wa enzi za mkoloni, ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue Nairobi. Barua za wamishenari wa CMS, lile shirika la Kianglikana lililoanzisha misheni ya Rabai, ndio ziko chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, na kusema kweli inaniuma.

Mjukuu: Asanteni sana. Shangazi bado yuko hai, Jumamosi naenda kumrekodi kwanza.