Kizazi cha Bi Mwanakombo 🌙 (Aprili 2022)

*Dada Rukia, 15:02*
Assalam aleikum familia. Mchujo wa chama, wa kiti cha wadi anachogombea Salim wetu, umebakia siku 3. Naomba kila mtu atume 1,000 kwa namba yangu kabla ya futari. Vituo ni 9, kila kituo mawakala 2, jumla 18. Usipokuwa na wakala ndani ya chumba cha kuhesabia, hata ukipigiwa kura na malaika utaambiwa umepata 11. Nitaweka majina ya waliotuma hapa hapa.

*Dada Rukia, 15:03*
WALIOTUMA
1. Rukia

*Dada Rukia, 15:31*
Naona mumesoma watu 26.

*Mwinyi, 15:34*
Mbona chakula cha mchana cha mawakala hakimo kwa bajeti

*Dada Rukia, 15:34*
Ni Ramadhani Mwinyi

*Mwinyi, 15:35*
Aaah. Basi chama kiwe kikifanya mchujo Ramadhani kila mwaka, naona twaokoa pesa 😂

*Khalati Fatma, 15:41*
Waaleikum salaam. Rukia mwanangu, kabla hatujafika kwa pesa, kijana yuwaendaje? Mie leo Markiti nimeambiwa ni wa tatu. Na aliyeniambia yuwauza ndimu, hana haja ya kunidanganya.

*Dada Rukia, 15:42*
Khalati, watu wa sokoni husema kila kitu.

*Jamila, 15:50*
Ni wa tatu. Nimepitia daftari la vijana wetu, lile la nyumba kwa nyumba. Mtoto wa Bi Zena 612, yule mwalimu 540, Salim 218. Na kwenye hao 218 kuna watu wamejiandika mara mbili. Kuna mmoja ameandikwa "Baba Nuru" juu na "Nuru babake" chini.

*Mwinyi, 15:51*
Wa tatu kati ya watano si mbaya. Mimi darasa la sita nilikuwa wa 38

*Mwinyi, 15:51*
Na tulikuwa 40

*Dada Rukia, 15:53*
Jamila daftari si la kuwekwa humu. Humu mna watu wana marafiki.

*Hassan Ohio, 15:58*
Nimeamka sasa hivi. Familia tusivunjike moyo. Huku Marekani, mchujo wa 2020 Biden alikuwa wa nne Iowa, New Hampshire akawa wa tano. Watu wakamzika. Akashinda South Carolina Februari 29, na mwishowe akawa rais. Aliye nyuma asiondoke mapema. Hillary naye 2008 alikaa mpaka Juni.

*Dada Rukia, 15:59*
Asante Hassan!! Someni hapo juu.

*Jamila, 16:06*
Kaka Hassan, malizia hadithi. Baada ya South Carolina, Buttigieg alijitoa Jumapili, Klobuchar Jumatatu, wote wakasimama na Biden, na Jumanne majimbo 14 yakapiga kura. Kwa hivyo walioamua mambo ni wale walioondoka. Na Hillary alikaa mpaka Juni, lakini alipigwa.

*Hassan Ohio, 16:07*
Alipigwa na Obama, mtoto wa Kogelo, hiyo si aibu

*Mwinyi, 16:08*
Biden alidaiwa viti na mtu wa hema?

*Dada Rukia, 16:09*
Mwinyi.

*Mwinyi, 16:09*
Nauliza tu

*Jamila, 16:15*
Hata hapa nyumbani Mombasa. Shahbal alisimama ugavana na chama cha Wiper 2013, na Jubilee 2017, safari hii ameingia ODM na pesa zake zote, na amemwachia Abdulswamad kabla ya mchujo. Mtu mzima amekaa akapiga hesabu. Sisi tuna nini ambacho Shahbal hana?

*Dada Rukia, 16:16*
Tuna Salim.

*Mwinyi, 16:17*
Aliyefumba macho 😭😭

*Khalati Fatma, 16:19*
Kafumba vipi?

*Mwinyi, 16:20*
Khalati hujaona lile bango Mwembe Tayari, juu ya tangi la maji? Wamechapa picha amefumba macho na chini wameandika KIONGOZI ANAYEONA MBALI

*Khalati Fatma, 16:22*
Subhanallah. Nimecheka na saumu yangu.

*Dada Rukia, 16:23*
Mabango ni ya juzi hayo. TURUDI KWA PESA.
WALIOTUMA
1. Rukia
2. Hassan (3,000, Mungu akuzidishie)
3. Tima

*Ami Bakari, 16:40*
Nimekaa kimya nikisoma. Rukia mwanangu, nina swali moja. 2017 Athman alikuwa wa pili. Wa pili, si wa tatu. Ukaja kwangu na marehemu mamako, mukakaa pale barazani, mukaniambia nimwambie mwanangu akae kando kwa ajili ya heshima ya familia. Akakaa. Leo Salim ni wa tatu na yuwatafutiwa mawakala 18.

*Dada Rukia, 16:44*
Ami ile ilikuwa mambo mengine na wewe wajua.

*Ami Bakari, 16:45*
Sijui. Niambie.

*Mama Salim, 16:52*
_Imesambazwa mara nyingi_
FAIDA 7 ZA KUFUTURU KWA TENDE. Usiache ujumbe huu ukome kwako…

*Mwinyi, 16:53*
Mamkubwa umeokoa jahazi

*Jamila, 17:05*
Nauliza jambo la kawaida kabisa. Humu tuko 41. Ni nani amesajiliwa mpiga kura wadi ile NA jina lake limo kwenye daftari la chama? Yote mawili. Mtu aseme tu "mimi".

*Khalati Fatma, 17:09*
Mie kura yangu Kisauni tangu niolewe.

*Mwinyi, 17:10*
Likoni. Yangu yapanda feri

*Hassan Ohio, 17:11*
Ohio 🙈

*Ami Bakari, 17:15*
Mwaka jana mwezi wa sita walipotangaza tuangalie majina kwa mtandao wa Msajili wa Vyama, nilikuta nimeandikwa chama ambacho hata alama yake sijapata kuiona. Sijajiandikisha mie, wala sijui nani kanipeleka. Basi huko ndiko niliko.

*Mwinyi, 17:16*
Ami huenda wewe ndiye mwenyekiti wao

*Tima, 17:20*
Mimi

*Jamila, 17:24*
Dada Rukia?

*Dada Rukia, 17:31*
Mimi niko Nyali lakini kazi nafanya zaidi ya wanaopiga kura.

*Jamila, 17:33*
Hapo sibishi. Lakini nikihesabu vizuri, na Salim mwenyewe, na Nyanya, hatupiti watu 5. Twamwambia mtu abaki au aondoke na kura hatuna.

*Dada Rukia, 17:35*
Wewe wakili, sema la kusaidia. Akipigwa mchujo si aende chama kingine?

*Jamila, 17:48*
Hawezi. Orodha za wanachama zilifungwa Machi 26, hakuna kuruka tena. Chama chenyewe kinatakiwa kupeleka majina tume ya uchaguzi, IEBC, kufikia Aprili 28. Njia iliyobaki ni mgombea huru. Katiba yasema usiwe mwanachama wa chama miezi 3 kabla ya siku ya kura, na kura ni Agosti 9, hesabu mwenyewe. Awe na wapiga kura 500 wa wadi ile wanaomuunga mkono, wasio wanachama wa chama chochote. IEBC alipe 5,000. Wote mulioandikwa vyama musivyovijua, sahihi zenu ni bure.

*Mwinyi, 17:50*
Ami ushaambiwa

*Dada Rukia, 17:52*
500 si wengi. Harusi ya Tima walikuja 700.

*Tima, 17:53*
Walikuja kwa biriani dada

*Dada Rukia, 18:01*
Haya sikizeni. Mie nasema abaki. Mtu akiondoka siku 3 kabla, miaka 5 ijayo nani atamuamini? Wataanza kusema kizazi hiki huanza jambo hakimalizi. Fomu ameshalipia, pesa ile hairudi. Abaki, apate hata 300, ajulikane. Nani hakubali aseme sasa.

*Dada Rukia, 18:02*
Na Salim yumo humu, anasoma. Salim sema kitu babangu.

*Dada Rukia, 18:20*
Futari njema. Tukishashiba tuongee.

*Tima, 19:14*
Nyanya ametuma sauti. Kwa walio kazini na wasioweza kufungua nawaandikia, maneno ni yake mwenyewe:

"Wajukuu zangu, hamujambo. Tima yuwanisomea haya tangu alasiri. Mie kura yangu nishaiahidi. Nimempa mtoto wa Bi Zena. Mamake ndiye aliyemuosha Zuhura, usiku ule wa mvua, na wengine wenu hamukufika. Salim namuombea dua usiku na mchana. Dua ni dua, kura ni kura. Yeye yuwajua, nilimwambia Ijumaa alipokuja kunisalimia. Hakukasirika. Alikula mbaazi akenda zake. Basi. Futuruni kwa salama."

*Mwinyi, 19:16*
🚫 Ujumbe huu umefutwa

*Khalati Fatma, 19:52*
Msalkheri mama. Tumesikia.

*Ami Bakari, 19:55*
Tumesikia mama.

*Hassan Ohio, 20:03*
Nilikuwa sijui kwamba ni Bi Zena aliyemuosha. Mimi nilikuwa sijarudi.

*Khalati Fatma, 20:05*
Wacha Hassan.

*Dada Rukia, 20:31*
Msalkheri Nyanya. Nimesikia. Kwani Salim hukuniambia tangu Ijumaa?

*Dada Rukia, 20:33*
Nimezunguka na tuktuk siku nne.

*Jamila, 20:40*
Dada, pole. Kazi uliyofanya wote twaiona. Mie naona bado kuna nafasi ya kukaa na mtoto wa Bi Zena kabla ya siku yenyewe. Kura 218 zaweza kumpandisha huyo au yule mwalimu. Leo zina bei, usiku wa kuhesabu hazitakuwa nayo.

*Ami Bakari, 20:44*
Athman alikuwa na 400. Hazikuwa na bei.

*Salim, 20:51*
Nimesoma zote. Naenda tarawehe.

*Mwinyi, 20:52*
Mheshimiwa!!

*Salim, 20:53*
Nani yuko na ufunguo wa stoo ya Nyanya? Mtu wa hema ataka viti vyake 60 kesho asubuhi. Mimi nimehesabu 57.

*Mwinyi, 20:55*
Vitatu viko kwetu. Sio mimi niliyevibeba

*Tima, 20:58*
Ufunguo uko kwangu

*Dada Rukia, 22:47*
Salim mawakala niwaambieje? Kesho saa nne asubuhi wanakuja kwangu kuchukua vitambulisho. Nimeshawachapishia, vyote 18, na kamba zake.

*Dada Rukia, 22:48*
Au nichukue vituo 4 vya huku juu tu, tuwaweke 8?

*Dada Rukia, 23:10*
Sawa naandika 8.

*Jamila, 23:15*
Dada Rukia, subiri aseme mwenyewe.

*Salim, 04:09*
Nitapita kwa Nyanya baada ya alfajiri.

*Dada Rukia, 04:09*
Kumwambia nini?

*Dada Rukia, 04:10*
Salim

*Khalati Fatma, 04:15*
Kuleni daku jamani, muda hauko.

*Dada Rukia, 04:31*
WALIOTUMA
1. Rukia
2. Hassan 3,000
3. Tima
4. Khalati Fatma
5. Jamila (kasema nisiandike, nimeandika)
6. Mwinyi 200
7. Ami Bakari 5,000

*Dada Rukia, 04:32*
Ami, kwa ujumbe ulionitumia usiku pamoja na M-Pesa umesema hii ni ya Athman. Niiweke kwa mawakala ama vipi?

*Dada Rukia, 04:50*
Ami?