Naomba ushauri: mama si mnene, lakini sukari inapanda

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nipo Moshi, Pasua. Mama yangu ana miaka 58, kilo 70, si mtu wa kumwita mnene. Mikono na miguu ni myembamba, ila tumbo limejaa: kiuno sentimita 103, na kwa mwanamke kuzidi 88 tayari ni hatari kubwa. Sukari kabla ya kula imesoma 6.5 mara mbili, na ultrasaundi imeonyesha mafuta kwenye ini. Mama mdogo ana kilo 94, mapaja na makalio makubwa, lakini vipimo vyake vyote viko sawa. Ndiyo maana mama haamini kwamba tatizo ni mafuta.

Daktari alituelewesha vizuri. Mafuta ya chini ya ngozi, hasa ya mapajani, ni kama ghala, yanahifadhi. Ya ndani ya tumbo humwaga asidi za mafuta moja kwa moja kwenye ini, na insulini, homoni inayoshusha sukari, inashindwa kufanya kazi yake. Nikimweleza hivyo ananijibu, "Mbona mdogo wangu mzima?"

Miezi mitatu sasa tumeacha soda, jioni tunatembea nusu saa. Kapungua kilo 2 tu, amekata tamaa. Naogopa sana, bibi alifariki kwa kisukari.

Mwenye mzazi wa namna hii, mlifuata mizani au tepu ya kiunoni? Na kati ya mbege (pombe ya ndizi) na machalari (ndizi za kupikwa na nyama) ya usiku, mlianza kupunguza kipi bila ugomvi nyumbani?