Utafutaji wa logi unachukua dakika kumi na mbili: nianzie wapi kuchunguza?

Msimamizi_Dunga (Kisumu)

Wanajukwaa wenzangu, salamu kutoka Kisumu. Ninasimamia Splunk, programu ya kukusanya na kutafuta logi (kumbukumbu za matukio ya mifumo), katika chama cha akiba na mikopo chenye matawi Ahero, Kakamega na Nakuru. Tuna indeksa mbili, yaani seva zinazohifadhi logi na kuzitafuta, zote ziko hapa Kisumu, kila moja ikiwa na viini 12 vya prosesa. Logi za miamala huingia katika indeksi, yaani ghala la data, tuliyoiita `miamala`, na nyingine za ruta na seva za Windows zina indeksi zao.

Mkulima wa mpunga kutoka Ahero anapokuja dirishani kuuliza kwa nini pesa alizoweka hazijaonekana, karani hutafuta tarakimu nne za mwisho za akaunti yake, kwa mfano `index=miamala *7731`. Jibu huchukua dakika kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, na mwanachama anasubiri akiwa amesimama. Nimewauliza makarani kwa nini wanachagua kipindi cha "Wakati wote" badala ya saa 24, wakaniambia kwamba hasa mwanzoni mwa mwezi saa 24 hazileti kitu, ilhali muamala umefanyika asubuhi hiyo hiyo. Wakubwa wangu wanashuku fiba, yaani laini ya mtandao, ya kutoka Nakuru na wako tayari kulipia kasi kubwa zaidi. Kabla fedha za wanachama hazijatumika, ningependa kujua kama tunatibu ugonjwa wenyewe.

LogiZaBonde (Nakuru)

Ndugu Msimamizi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua. Fiba ninaiondoa kwanza, kwa sababu utafutaji hufanyika ndani ya indeksa zenu zilizoko Kisumu, na kinachosafiri hadi kwa karani wa Nakuru ni matokeo tu, ambayo ni machache. Laini mbovu ingechelewesha logi kufika, lakini isingeifanya indeksa itafute kwa dakika kumi na mbili.

Endesha utafutaji ule ule, na ukikamilika fungua menyu ya Job kisha Inspect Job. Tazama namba mbili: `scanCount`, yaani matukio yaliyosomwa, na `eventCount`, yaani yaliyolingana na ulichotafuta. Zikikaribiana, kazi inayofanywa ni ya lazima. Zikiachana kwa maelfu, indeksa inasoma diski bure. Kisha linganisha muda wa `command.search.index` na ule wa `command.search.rawdata`. Wa kwanza ni wa kupekua faharasa ya maneno, na wa pili ni wa kufungua data ghafi iliyobanwa, ambako ndiko muda mwingi hupotelea mtu anapotafuta vibaya.

Ninakisia kwamba utaukuta hapo kwa sababu ya alama ya nyota iliyotangulia. Splunk huhifadhi kila kipande cha neno katika faili za faharasa ziitwazo tsidx, na kila baketi, yaani folda ya matukio ya kipindi fulani, ina kichujio cha kuiambia indeksa mapema kwamba neno hili humu halimo, ipite. Nyota ikiwa mwanzoni hakuna neno kamili la kuulizia, kwa hiyo msaada huo wote unakufa. Akaunti zenu zikiandikwa kwa mfano wa `akaunti=0042-117731`, basi kistari hugawa neno, na karani akiandika `117731` kamili faharasa itamsaidia. Akiandika `TERM(akaunti=0042-117731)` itamsaidia zaidi, mradi kipande hicho kimezungukwa na nafasi katika logi.

Hata hivyo, lililonishtua zaidi katika maelezo yako ni lile la mwanzo wa mwezi, na ningeomba usilipite. Je, mfumo wenu wa miamala huandika tarehe namna gani?

Mzee_wa_Seva (Kakamega)

Naafikiana na dada hapo juu, ila niongeze jambo kuhusu foleni. Kwa mipangilio ya awali, idadi ya utafutaji unaoweza kwenda kwa pamoja ni 6, kisha unaongeza mmoja kwa kila kiini. Ikiwa seva yako ya utafutaji nayo ina viini 12, hiyo ni 18, na nusu yake tu ndiyo inayotumiwa na ripoti zilizoratibiwa. Mahali pengi nilipoitwa, ripoti zote zilikuwa zimepangwa kuanza dakika ya sifuri ya kila saa, zikagombana, huku dakika 50 zilizobaki mashine zikikaa bure. Zisambaze.

Diski pia usiisahau. Waundaji wa Splunk wanashauri angalau operesheni 800 za kusoma na kuandika kwa sekunde, na seva nyingi za huku kwetu zilinunuliwa kwa kutazama ukubwa wa diski pasipo kutazama kasi yake.

LogiZaBonde (Nakuru)

Mzee, shikamoo. Diski ningeipima mwisho. Anayesoma mamilioni ya matukio asiyoyahitaji ataona diski yoyote ni ya polepole.

Msimamizi_Dunga (Kisumu)

Ninawashukuru nyote. Nimefanya mlivyosema, na nimeona nirudi na majibu kamili ili atakayekumbwa na hili kesho asihangaike kama mimi.

`scanCount` ilikuwa zaidi ya milioni 41, na `eventCount` ilikuwa 6. Karibu muda wote ulikuwa kwenye `rawdata`. Nilipoandika tarakimu zote sita, kwa kipindi kile kile cha wakati wote, jibu lilikuja kwa sekunde 19.

Kisha nikalifuata swali la tarehe. Mfumo wetu huandika siku kwanza, kama tunavyoandika sote Kenya: tarehe 4 Agosti ni `04/08`. Sikuwa nimeieleza Splunk mpangilio huo, nayo iliachwa ikisie yenyewe, ikasoma mwezi kwanza kwa desturi ya Marekani. Muamala wa tarehe 4 Agosti ukahifadhiwa kama wa tarehe 8 Aprili. Kuanzia tarehe 13 tatizo linatoweka kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, na ndiyo maana malalamiko yalikuwa ya mwanzo wa mwezi. Nilithibitisha kwa kutafuta `index=miamala _index_earliest=-1d` katika kipindi cha wakati wote, nikalinganisha `_indextime` (wakati logi ilipoingia) na `_time` (wakati Splunk inaoamini tukio lilitokea), pengo likatokea la miezi minne.

Kwa hiyo makarani hawakukosea. Muamala wa leo haukuwepo ndani ya leo, nao wakajifunza kupanua kipindi mpaka wakaupata. Nilipotumia `| dbinspect index=miamala`, amri ya kukagua baketi, nikaona pia baketi nyingi ndogo ndogo, kila moja ikibeba kipindi kirefu, kwa sababu matukio ya Aprili na ya Agosti yalikuwa yakimiminika kwa pamoja. Hata utafutaji wa siku moja ulilazimika kufungua baketi zisizouhusu.

Katika `props.conf`, faili ya mipangilio ya Splunk, nimeweka `TIME_FORMAT = %d/%m/%Y %H:%M:%S` na `TZ = Africa/Nairobi`. Nilipoteza siku nzima kwa kuiweka kwanza kwenye mashine za matawi zinazotuma logi, na hakuna kilichobadilika, hadi nilipogundua kwamba vitumaji vile vyepesi havichambui tarehe. Kazi hiyo hufanywa na indeksa, na huko ndiko mpangilio ulipaswa kuwekwa, kisha indeksa ziwashwe upya.

Sasa karani hutafuta kwa saa 24 na akaunti kamili, na jibu halifiki sekunde 2. Ombi la kuongeza kasi ya fiba limeondolewa. Swali lililobaki: data ya zamani yenye tarehe mbovu niifanyeje?

LogiZaBonde (Nakuru)

Hongera, Ndugu Msimamizi. Mpangilio mpya hautarekebisha kilichokwisha kuhifadhiwa. Kama faili za asili bado mnazo, unaweza kuziingiza upya katika indeksi mpya, lakini zitahesabiwa tena kwenye leseni, ambayo hupima kiasi cha data kinachoingizwa, kwa hiyo ingiza kidogo kidogo. Ile ya zamani iache ilivyo. Amri ya `delete` huficha matukio tu, haikurudishii nafasi ya diski.

Chunguza pia muda wenu wa kuhifadhi. Baketi huondolewa pale tukio lake jipya kabisa linapopita umri uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 188,697,600, takriban miaka sita. Ikiwa mmeufupisha hadi miezi michache, muamala wa Agosti uliovikwa tarehe ya Aprili unaweza kufutwa kabla ya wakati wake. Nakili baketi hizo mahali pengine wiki hii, kabla mkaguzi hajaziulizia.