Naomba ushauri: wanafunzi msituni Amani wakati wa masika

Wakuu, habari zenu. Aprili tunapeleka wanafunzi wa baiolojia msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Kuhesabu vinyonga tumeshapanga: usiku, kwa tochi za kichwani, maana wakilala kwenye ncha za matawi huonekana weupe kwenye mwanga. Kumbukumbu zitaandikwa kwa penseli, wino unachuruzika.

Kinachotusumbua ni lenzi za kamera. Unyevu ukikaa ndani, kuvu huota kwenye kioo na kula utando wake wa kinga. Mchele wa kunyonya unyevu unaacha vumbi. Je, chembe za silika kwenye ndoo yenye mfuniko zinatosha?

Na siafu, mvua ikiwatoa: mafuta ya taa hatutaki kumwaga hifadhini. Majivu yaliyolowa yanawazuia kweli?

Halafu barabara ya Muheza, Kosta itapanda utelezi ule?